Kaunsili wanampa mama flati ya wazee Leicester, je ndo tunamtupa?

Swali lilivyokuja, nalifupisha: Mama yangu ana miaka 72, kwao Tanga, ni raia wa Uingereza siku nyingi, anaishi peke yake kwenye flati ya kaunsili (halmashauri ya mji) ghorofa ya tatu, lifti hakuna na magoti yamemchoka. Sasa kaunsili wamemwandikia barua, wanampa nafasi kwenye zile nyumba za wazee zinazoitwa Sheltered Housing. Mimi nafanya kazi usiku, nyumba yangu ni vyumba viwili na watoto watatu, siwezi kumchukua. Kaka zangu walioko Dar na Tanga wamekasirika kabisa, wanasema namtupa mama nyumba ya wazee. Naomba kujua ile ni nyumba ya kutunzia wazee au la, nani analipa, wajukuu wataruhusiwa kulala? Na mama huwa anakwenda Tanga karibu miezi mitatu kila mwaka, ana na nyumba yake kule, itakuwaje?

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, maana barua hiyo watu wengine wanaisubiri. Shikamoo yangu mfikishie mama.

Nianze na hao kaka zako kwa sababu naona ndo wanakunyima usingizi. Mtu wa nyumbani akisikia "nyumba ya wazee" picha inayomjia ni Sebleni au Welezo kule Unguja, au Nunge pale Kigamboni, yaani makazi ya serikali anapopelekwa mzee asiye na mtu, anapikiwa, anapangiwa. Na hata hapa Uingereza kuna kitu cha namna hiyo, Care Home, unahamia unapewa chumba, unalishwa, unaogeshwa, wanakutunzia na dawa, na inakaguliwa na ile tume inayoitwa CQC. Mama yako hajapewa hiyo. Alichopewa ni flati ya kupanga. Ina mlango wake, ufunguo wake, jiko lake, bafu lake, jina lake kwenye mkataba wa upangaji, na analipa kodi kama anavyolipa sasa hivi. Tofauti na flati yake ya sasa ni kwamba jengo zima wapangaji ni watu wa umri mkubwa (skimu nyingine kuanzia miaka 55, nyingine 60), kuna kengele ya dharura ndani ya flati, kuna meneja wa jengo anayepita, na mara nyingi kuna sebule ya pamoja, chumba cha kufulia na chumba cha wageni. Basi. Hakuna anayemwamsha, hakuna anayempangia saa ya kula, akitaka kupika mchuzi wa nazi saa tano usiku ni shauri yake.

Kwa hiyo hao kaka waambie hivi: mama anahama kutoka ghorofa ya tatu kwenda flati yenye lifti au ya chini, kwa mwenye nyumba yuleyule au mwingine wa aina hiyohiyo. Na wajibu wako kwake haupungui hata kidogo, bado utakuwa unapeleka chakula, bado utampeleka hospitali, bado atakuja kwako Idi. Mzee anayeshindwa kushuka ngazi anafungika ndani wiki nzima, na hicho ndo kinachowamaliza wazee wetu wengi huku. Ngazi tatu za jengo la zamani baridi ya Januari, mi huwa naona ndo kifungo chenyewe.

Sasa tuingie kwenye vitu ambavyo barua ya kaunsili haikuelezi vizuri.

Hiyo kengele. Kwenye kila chumba kuna kamba inaning'inia mpaka karibu na sakafu, ukianguka unaivuta, inaunganisha na kituo cha simu, mtu anaongea kwenye spika ukutani, anauliza kuna nini, halafu anakupigia wewe au anaita ambulensi. Wengine wanapewa kitufe cha kuvaa shingoni. Kitu kizuri sana, ila kuna kosa wazee karibu wote wanalifanya, kamba inawakera wanapofagia, wanaifunga fundo juu kabisa kwenye swichi, sasa siku mtu ameanguka bafuni kamba iko juu huko haifikiki. Ukienda kumtembelea mama jambo la kwanza angalia kamba za chooni na chumbani kama zimegusa chini. La pili, uliza kama mfumo wa kengele umeshahamishiwa kwenye dijitali, kwa sababu laini za simu za zamani za waya nchi nzima zinazimwa Januari 2027, na wenye nyumba wengine bado wanahangaika na hilo. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka wabane, waulize tarehe.

Halafu huyo meneja, zamani akiitwa waadeni. Watu wenye umri wangu tunakumbuka waadeni aliyekuwa anakaa palepale kwenye jengo, anagonga mlango kila asubuhi, anajua nani kalala na homa. Wa namna hiyo wamebaki wachache mno. Serikali ilianzisha mfuko wa Supporting People mwaka 2003 uliokuwa unalipia kazi hiyo, mwaka 2009 ikaondoa ule ulinzi kwamba hela hizo lazima zitumike humohumo, kaunsili nyingi zikazipeleka kwingine, na waadeni wa kukaa palepale wakaondoka mmojammoja. Mimi jambo hili linaniuma mpaka leo, maana kile kilichokuwa roho ya nyumba zile ndo kilichokatwa kwanza. Siku hizi meneja anaweza kuwepo siku za kazi masaa machache, au anapita mara mbili kwa wiki, au ana majengo matatu anazunguka. Kwenye jengo moja anapiga kila asubuhi kwenye spika, "umeamkaje?", kwenye jengo jingine hapigi mpaka uombe. Sasa usikubali jibu la "yupo meneja", uliza yupo siku gani, saa ngapi, anapiga kila siku au la, na akiwa likizo nani anamshikia. Na mjue mapema kwamba meneja hampi mama dawa, hamwogeshi, hamnyanyui akianguka, hampiki. Hiyo si kazi yake hata kama ana roho nzuri.

Ikitokea mama anahitaji msaada wa mwili, kuvaa, kuoga, dawa, hilo ni ombi jingine kabisa, mnaomba idara ya huduma za jamii ya kaunsili wamfanyie tathmini, na hiyo ni haki yake chini ya sheria ya mwaka 2014 inayoitwa Care Act, awe anaishi flati ya wazee au flati ya kawaida. Wafanyakazi wa kea wanamfuata nyumbani kwake. Malipo ya huduma hiyo yanategemea kipato na akiba, akiwa na akiba zaidi ya £23,250 atajilipia mwenyewe. Na kuna aina nyingine ya nyumba, Extra Care, hiyo ni kama hii ya mama ila wahudumu wapo palepale jengoni usiku na mchana, mlo unauzwa chini, kodi yake na gharama zake ziko juu. Kama mama ana magoti tu na akili yake iko timamu, Extra Care sioni sababu kwa sasa, ila kama umeanza kuona anasahau jiko, anapotea njia ya dukani, hapo niambie maana jibu langu litabadilika.

Haya, hela. Hapa naomba usome polepole.

Kila wiki mama atatajiwa namba moja kubwa, lakini ndani yake kuna vitu vitatu na lazima uombe wavitenganishe kwa maandishi. Kuna kodi yenyewe. Kuna gharama za huduma za jengo, ndo usafi wa korido, lifti, bustani, taa za nje, mashine za kufulia, joto la sehemu za pamoja. Halafu kuna vitu vya mama binafsi, kengele, msaada wa meneja, na mara nyingi joto na maji ya moto ya ndani ya flati yake kwa sababu majengo mengi haya yana boila moja kubwa ya wote. Housing Benefit, ule msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, inalipa kundi la kwanza na sehemu kubwa ya kundi la pili. Kundi la tatu hailipi. Kwa hiyo mtu anaambiwa "usijali benefiti inalipa kila kitu", anahamia, baada ya mwezi inakuja barua ya deni la kengele na joto. Si kwamba kaibiwa, hakuambiwa. Ukishapata hizo namba tatu utajua kila wiki mama atatoa shilingi ngapi mfukoni mwake, na ulinganishe na anavyolipa gesi na umeme sasa hivi kule juu, pengine utakuta hata ni nafuu.

Pensheni ya mama najua itakuwa ndogo, wengi wetu tuliokuja hapa watu wazima hatukufikisha ile miaka 35 ya michango. Ndo maana kuna Pension Credit, na sijui kwa nini watu wetu wanaiogopa. Kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa inamjazia mtu anayeishi peke yake mpaka afike £227.10 kwa wiki, na ukishaipata ile sehemu yake ya kujazia kipato inayoitwa Guarantee, Housing Benefit inakuja kamili kwa kile kinacholipika, Council Tax (ile kodi inayotozwa na kaunsili, sio ya pango) mara nyingi inafutwa, na akifika 75 leseni ya TV ni bure. Ombi linaweza kurudishwa nyuma miezi mitatu. Kama mama ana zaidi ya nusu mwaka anahitaji mtu wa kumsaidia kuoga au kuvaa au kumwangalia, aombe na Attendance Allowance, hiyo haijali kipato wala akiba, mwaka 2025/26 ilikuwa £73.90 au £110.40 kwa wiki, na watu wengi hawajui kwamba ukiipata na unaishi peke yako, na hakuna mtu anayelipwa Carer's Allowance (hela ya anayemtunza mtu) kwa ajili yako, basi Pension Credit nayo inapanda. Flati ya wazee inahesabika kuishi peke yako, maana mlango ni wake. Fomu ya Attendance Allowance ni ndefu, usimjazie mama kwa haraka ukaandika "anajiweza", sisi tumelelewa kutolalamika, mama ataulizwa unaoga mwenyewe atasema "alhamdulillah naoga", hatasema kwamba anachukua saa nzima na anashikilia sinki asianguke. Andika ile saa nzima. Andika na sinki. Ukikwama yapo mashirika ya ushauri, Age UK na Citizens Advice, wanajaza na wewe bure.

Sasa Tanga. Hapa ndo penye shida yenyewe, kuliko hata maneno ya kaka zako.

Tangu Julai 2016 mtu anayetoka nje ya Great Britain anaruhusiwa wiki nne tu kuendelea kupata Housing Benefit na Pension Credit. Na sio kwamba wiki nne za kwanza zinalipwa halafu zinakatwa, hapana, kama tangu mwanzo safari imepangwa kuzidi wiki nne basi haki inaondoka siku anayopanda ndege. Miezi mitatu Tanga maana yake kodi ya miezi mitatu inamwangukia mama, na akirudi anaomba upya tangu mwanzo. Akiwa amekwenda kwa msiba wa ndugu wa karibu na haiwezekani kurudi ndani ya wiki nne wanaweza kuongeza mpaka nane, na kama ni matibabu inaweza kufika wiki 26, lakini hayo yote ni ya kuwaambia mapema na kuwa na karatasi. Attendance Allowance yenyewe inavumilia wiki 13. Pensheni ya serikali haikatwi, inamfuata popote. Ila mama akiamua kurudi Tanga moja kwa moja ajue pensheni yake itaganda pale ilipo, haipandi tena kila Aprili kama ya wenzake waliobaki, kwa sababu Tanzania haimo kwenye nchi zenye makubaliano ya kupandisha, na Kenya vilevile.

Huenda hata sasa hivi anaenda miezi mitatu na hajawahi kuwaambia. Kama ndivyo usinijibu hapa, nenda kaongee na mshauri wa Citizens Advice kabla ya kuhama, kwa sababu ombi jipya la nyumba ni wakati ambao maswali yote yanafunguliwa. Na kwa mbele mpango wenu ubadilike, aende wiki nne au chini ya hapo, mara moja kwa mwaka, au hata mara mbili, kila safari na tiketi yake ya kurudi. Kwa mzee hiyo si kitu kidogo, najua, wiki nne Tanga ni salamu tu, hujamaliza hata kuzunguka kwa ndugu. Lakini ndo sheria ilivyo na ikikukuta inakukuta na deni.

Nyumba yake ya Tanga nayo lazima isemwe. Nyumba iliyoko nje inahesabiwa kama mali, wanatazama ingeuzwa bei gani, wanatoa asilimia 10 ya gharama za kuuza na deni kama lipo, kilichobaki kinajumlishwa na akiba. Kwenye Pension Credit £10,000 za kwanza hazihesabiwi, kuanzia hapo kila £500 wanaichukulia kama kipato cha £1 kwa wiki. Kwenye Housing Benefit, kama hana ile Guarantee na mali yake imezidi £16,000, hapati. Usiogope kabla ya wakati, kuna mambo mawili kwa watu wa kwetu huwa yanabadilisha hesabu. Moja, nyumba nyingi za pwani ni za mirathi ambayo haijagawanywa, inaitwa ya mama kwa heshima tu kumbe kuna warithi saba, na kinachohesabiwa ni fungu lake peke yake. Pili, kama ndani anaishi ndugu yake wa karibu ambaye ni mzee wa umri wa pensheni au ni mgonjwa asiyejiweza, tuseme dada yake, nyumba hiyo inaweza isihesabiwe kabisa. Lakini inasemwa kwanza, ndo inatolewa. Kuificha halafu ikaja kujulikana ni kosa la jinai, na mimi nimeona mzee wa watu anakatwa pensheni miaka kwa sababu ya banda la uani ambalo lingesemwa lisingekuwa na athari yoyote. Kaunsili nyingine pia zina kanuni kwamba mwenye nyumba hawekwi kwenye orodha ya kugawiwa, ingawa kwa wazee huwa wanalegeza, waulize Leicester kanuni yao inasemaje.

Wajukuu. Kulala wikiendi, ndiyo, sijaona mkataba unaokataza wageni, wengi wanaweka kikomo cha siku kadhaa mfululizo, na chumba cha wageni cha jengo unakodi kwa hela kidogo kwa usiku. Kuhamia, hapana. Mjukuu wa miaka 19 hawezi kuja kukaa na bibi kwa sababu kachukua chuo karibu, na mama akifariki mtoto hawezi kurithi upangaji kwenye jengo lenye kikomo cha umri kama anavyofikiria. Na kwa vile umesema ni flati ya kaunsili anayokaa sasa, jueni kabisa kwamba ile haki ya kuinunua, Right to Buy, nyumba zilizotengwa kwa wazee zimetolewa, haziuzwi kwa mpangaji. Kama kuna mtu kwenye familia alikuwa anapiga hesabu ya kumnunulia mama ile flati ya ghorofa ya tatu, aseme sasa hivi, sio baada ya mama kusaini.

Aina ya mkataba uangalie. Kwa kaunsili ukishapita mwaka wa majaribio unakuwa mpangaji mwenye ulinzi, na kama mama tayari anao ulinzi huo hapaswi kuanzishwa upya kwenye majaribio anapohama kutoka mpangaji wa kaunsili, uliza wakuandikie. Kwa vyama vya nyumba (Housing Association, wapangishaji wa nyumba za kijamii wasio kaunsili) mkataba ni wa aina nyingine kidogo lakini nao una ulinzi. Kuna na nyumba za wakfu za zamani sana, almshouse, nyingine zimesimama tangu enzi za kati, nzuri kwa macho na malipo yake madogo, ila anayekaa humo sio mpangaji kisheria, anakaa kwa ruhusa ya wadhamini, haki zake ni chache. Mama akipewa huko isome karatasi mara mbili.

Twende kuiona flati. Nenda na mama mwenyewe, siku ya kazi, asubuhi kama saa nne hivi, uone kama meneja yupo kweli na kama kwenye sebule ya pamoja kuna watu au kuna viti tu na kalenda ya mwaka jana. Uliza kama ni flati yenye chumba cha kulala kilichotengwa. Majengo mengi yalijengwa kufuata waraka wa wizara wa 1969, na kwenye hayo ya zamani kuna vyumba ambavyo kitanda, kochi na jiko viko sehemu moja, vingine mpaka bafu ni la kushirikiana. Hivyo ndo vinapatikana haraka, na ukipewa nafasi ya haraka mno jiulize kwa nini. Mama mtu mzima anayepokea wageni, anaswali, ana sanduku la kanga tangu harusi, chumba kimoja kitamkosesha raha. Mwambie anaweza kukataa, ila muulize kaunsili kwanza wanahesabu vipi mtu akikataa, wengine wanaruhusu kukataa mara chache tu kabla ya kukushusha kwenye orodha.

Bafu angalia kama ni la kuoga umesimama lenye sakafu ya kumwaga maji na vyuma vya kushika. Kama ni beseni la kulala na magoti ndo hayo, omba mtaalamu wa kaunsili aje atathmini kabla hajahamia. Kupata maji ya kutawadha bila kuinua mguu kwenye sinki ni jambo wao hawatalifikiria, wewe ndo utalisema.

Na jambo la udi. Kengele za moshi kwenye majengo haya zimeungwa moja kwa moja na kile kituo cha simu, wakati mwingine na jengo zima. Mama akichoma udi Alhamisi usiku kama alivyozoea, au akapika mkate wa kumimina mlango wa jiko uko wazi, wazee arobaini wanaweza kujikuta nje kwenye baridi. Sio kwamba haruhusiwi. Anazoea kufungua dirisha, kuwasha feni, chetezo kisikae chini ya kengele, na bora kumweleza meneja mapema, "mama yangu huchoma udi". Mkianza hivyo mnaelewana, mkianza na faini na barua za malalamiko inakuwa ngumu kurekebisha.

Upweke ndo hofu yangu kubwa zaidi kwa mama, kuliko hela. Akiwa jengo ambalo kila mtu anaongea mambo ya vita vya kina babu zao wa Kiingereza na yeye kwenye bingo haelewi, atakaa ndani. Leicester lakini ina neema yake. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walijaa pale, na wengine kutoka Kenya na Tanzania, sasa ndo wazee wenyewe, na Kiswahili hawajakitupa, utamkuta bibi wa Kigujarati anauliza bei ya mchicha kwa Kiswahili cha Kampala. Vyama vya nyumba kama ASRA vilianzishwa kwa ajili ya wazee wa Kiasia hasa, kwa sababu walikuwa hawaonekani kwenye nyumba za kawaida (ASRA baadaye kiliunganishwa na kuwa sehemu ya PA Housing). Muulize meneja kwenye jengo lenu kuna wazee wanaoongea lugha gani, kuna Waislamu wangapi, msikiti uko umbali gani kwa miguu na basi namba gani linapita. Pasi ya basi anayo tayari kwa umri wake. Kama jengo ulilopewa halifai kwa hilo, kuna majengo mengine na ni haki yenu kuomba, mwandikie afisa aliyekutumia barua useme kwa nini.

Ukungu na unyevu ukutani uangalie vilevile, harufu ukiingia tu. Tangu Oktoba 27, 2025 wenye nyumba za kijamii England wanabanwa na sheria ya Awaab, iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu, wakipewa taarifa ya unyevu wa hatari wana siku 10 za kazi kuchunguza na masaa 24 kama ni dharura. Taarifa ipelekwe kwa maandishi, sio kumwambia meneja kwenye korido.

Mkishakubali, mpangilio wa kuhama. Mama atoe notisi ya wiki nne kwenye flati ya zamani, na kwa kawaida kodi mbili zitagongana wiki kadhaa. Housing Benefit inaweza kulipa nyumba zote mbili mpaka wiki nne kama mgongano hauepukiki, ila lazima uombe na mama awe ameshahamia, wengi wanalipa wenyewe kwa kutokujua. Usirudishe funguo za kule juu kabla hujapiga picha flati tupu na mita. Kaunsili nyingine zinatoa hela kidogo ya kuhama kwa mtu anayeachia nyumba kubwa, kama mama ana vyumba viwili kule ulizia, hawatakutangulizia.

Na hao kaka, usiwaeleze wewe. Siku mkienda kuiona, mama akiwa ameshakaa kwenye kochi la ile flati na ameshaona jiko, mpigieni video, yeye mwenyewe ndo azungumze nao na yeye ndo awaambie anataka au hataki. Mkataba ni wa jina lake na uamuzi ni wake, akisema hataki basi tunatafuta flati ya kawaida ya chini, njia ipo.

Barua yenu lazima ina tarehe ya mwisho ya kujibu, mara nyingi ni siku chache tu, kwa hiyo kesho asubuhi piga uombe muda wa kwenda kuangalia. Ukishazipata zile namba tatu za malipo ya wiki niandikie, pamoja na pensheni yake na maelezo ya umiliki wa hiyo nyumba ya Tanga, nitakupigia hesabu yote.